Shika Mwiko, Acha Miiko

Jumatatu moja nilinunua chupa ya lita moja ya mafuta ya alizeti, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika tarehe ubavuni mwake. Nyumbani tuko wanne. Sikumwambia mtu, wala sikubadili mapishi. Mchicha uliungwa kama kawaida, samaki wakakaangwa kama kawaida, Jumatano tukala chapati. Ijumaa jioni nilipoinua chupa ili nikaange dagaa, yalikuwa yamebaki matone ya kulainishia kikaango tu.

Nikakaa nikapiga hesabu. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Hizo ni kalori zaidi ya 8,200. Gawa kwa watu wanne, gawa tena kwa siku tano: kila mmoja wetu alikuwa amekunywa, ndiyo, amekunywa, kalori 400 na ushei kila siku, zisizoonekana sahanini na zisizomshibisha mtu. Mwanamke mzima wa kawaida huhitaji kama kalori 2,000 kwa siku, mwanamume kama 2,500. Sehemu ya tano ya chakula changu ilikuwa ikitoka kwenye chupa, na mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kwa mashoga zangu kwamba nanenepa kwa hewa.

Mwongozo huu unaanzia hapo, kwenye mwiko. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: mwiko wa kusongea ugali na mwiko wa kukataza. Wengi wanaotaka kupunguza mwili hukimbilia huo wa pili. Wali mwiko, ugali mwiko, kula baada ya jua kuzama mwiko. Miiko hiyo hushikwa kwa wiki tatu, kisha huvunjwa siku moja mbele ya sinia la pilau, na mtu akishaivunja huona haya hata kuanza tena. Mwiko wa kusongea hauna aibu hiyo. Uko mkononi mwako kila siku, na kila siku unaamua ni kiasi gani kitoke sufuriani.

Miiko nimeipitia. Kabla ya harusi ya mdogo wangu nilikula supu ya kabichi siku kumi mfululizo. Kilo nne zikatoka, zipu ya gauni ikafunga, picha zikapigwa. Mwaka haukuisha kilo zile zikarudi, na zikaja na mwenzao mmoja. Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba hutumika na maji yake hutoka. Mizani ikishuka unadhani ni mafuta yaliyoondoka. Siku unayoonja ugali, maji hurudi. Hata yale mafuta kidogo yaliyoondoka kweli hurudi, kwa sababu mwili uliokondeshwa ghafla hupandisha homoni za njaa na kuanza kubana matumizi, kama baba mwenye nyumba aliyepunguzwa kazini. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito, waliopimwa tena baada ya miaka sita. Wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa bado inatumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Kwa hiyo, kila ukisikia ushauri wa kupunguza mwili, na huu wangu ukiwemo, jiulize jambo moja: naweza kula hivi nikiwa na miaka 70? Kama huwezi, usianze.

Kamba kwanza

Tafuta kamba nyembamba au utepe wa gauni. Simama ukutani bila viatu, mtu akupime kwa kamba hiyo toka utosini hadi kisiginoni, kisha aikate. Ikunje katikati ili ibaki nusu ya urefu wako. Sasa izungushe tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi na hujalivuta tumbo ndani. (Usilivute. Hakuna anayekutazama.) Ncha zikikutana na kupitana, vizuri. Zisipokutana, basi mafuta ya tumboni, yale yanayojikunja kuzunguka ini na utumbo na kufungua mlango wa kisukari na presha, yameshazidi.

Hospitali watakupima kwa njia nyingine: kilo zako zigawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25 uzito umezidi, ikifika 30 huo ni unene wa kutibiwa. Ni kipimo kizuri, ila hakitofautishi misuli ya mbeba zege na kitambi cha karani. Kamba inatofautisha, na haina bei.

Usijiwekee lengo la kurudi ulivyokuwa siku ya mahafali. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, uliochukua watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, kuwapita hata waliopewa vidonge. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo sita tu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, robo kilo pia ni mwendo.

Kama una mimba, unanyonyesha, au unatumia insulini au vidonge vya kisukari, ongea na daktari kabla ya kupunguza chochote. Dawa iliyopimwa kwa ajili ya sahani kubwa inaweza kuiangusha sukari ya damu vibaya sahani ikipungua. Na kama umekonda bila kukusudia, mwongozo huu haukuhusu, nenda ukapimwe.

Jikoni

Andika tarehe kwenye chupa ya mafuta. Usibadili kitu wiki ya kwanza, tazama tu inakwisha lini. Kisha jipe kazi ya kuivuta. Kwangu, lita moja ya watu wanne sasa hufika siku ya kumi, na hakuna aliyelalamika. Siri yake ni kuacha kumimina. Mkono unaomimina hukadiria kwa jicho, na jicho la mpishi mwenye njaa lina ukarimu mno. Weka kijiko cha chakula kando ya jiko na mafuta yapite hapo kwanza. Kijiko kimoja kilichojaa ni kalori 120, kwa hiyo vijiko viwili ulivyovizuia leo havina tofauti na karibu saa nzima ya kutembea kwa miguu.

Kitunguu hakihitaji kuogelea. Tia kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria nzito, tia vitunguu na chumvi kidogo, funika, moto uwe wa chini. Vikianza kushika chini, nyunyizia maji vijiko viwili, koroga, funika tena. Nyanya zikiingia zitatoa maji yake zenyewe, na hapo mchuzi umeshasimama. Samaki mbichi kabisa wa asubuhi ni dhambi kumkaanga: mpike chukuchuku kwa ndimu, nyanya, kitunguu saumu na pilipili mbichi moja isiyopasuliwa, uone kama kuna atakayekumbuka kikaango. Dagaa wakaushe kwenye kikaango kitupu mpaka walie kwa kukauka, halafu ndipo uwape mafuta yao kidogo.

Nazi? Sitakwambia uache nazi. Mtu wa pwani akinyang'anywa nazi mchana ataitafuta usiku wa manane. Lakini jua kwamba mafuta yaliyomo kwenye tui zito ni mafuta sawasawa na yale ya chupa, na mboga iliyoungwa kwa tui haina haja ya kukaangiwa vitunguu kwa mafuta mengine. Chagua kimoja. Nazi iliyokuwa ikiishia kwenye chungu cha siku moja, igawe kwa siku mbili na uikamue vizuri zaidi. Karanga za kusaga nazo ni hivyo hivyo: kisamvu cha karanga kimeshapata mafuta yake ndani ya karanga.

Kwa unga, watu wa mjini wamegundua dona na wanadhani wamegundua dawa. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu limebaki na pumba na kiini chake, lina nyuzinyuzi, linashika tumboni muda mrefu. Kalori zake, hata hivyo, zinakaribiana sana na za sembe. Mlima wa dona ni mlima. Ndivyo ilivyo pia kwa mkate wa ngano nzima na kwa asali, ambayo mbele ya mizani ni sukari iliyovaa kanzu.

Wakati huo huo, usidharau ulichonacho. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani waliwalaza watu 20 hospitalini kwa mwezi mmoja na kuwaambia wale watakavyo. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa mno kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa, na milo ya pande zote mbili ilipangwa ilingane kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula kalori 500 zaidi kila siku, bila kujijua, na wakaongezeka karibu kilo nzima. Maharage, kunde, viazi vitamu, magimbi, ndizi za kupika, matembele, uji wa ulezi, mihogo ya kuchemsha: wenzetu wanalipa fedha nyingi kurudi kwenye chakula ambacho sisi tunakiona cha kimaskini na tunakiacha tukimbilie soseji na tambi za pakiti.

Kwenye sahani na kwenye sinia

Sisi hupakua kwa kuanzia ugali au wali, kisha kitoweo, kisha mboga kidogo pembeni kama pambo. Geuza mpangilio. Anza na mboga za majani na uzijaze nusu ya sahani, kiasi cha viganja viwili vilivyokusanywa pamoja. Pili kitoweo: samaki, maharage, choroko au nyama, ukubwa wa kiganja bila vidole; maharage yakiwa ndiyo kitoweo, yapokee kwa mikono miwili. Ugali au wali uje mwisho kwenye nafasi iliyobaki, ukubwa wa ngumi yako, si ngumi ya mumeo. Anayelima au anayebeba mizigo ataongeza ya pili, na ni haki yake. Anayekaa kwenye kiti cha ofisi toka saa mbili hana sababu hiyo.

Nilipoanza niliogopa njaa ya saa kumi alasiri. Haikuja, na sababu yake ni rahisi: tumbo husikia ujazo na uzito wa chakula kabla halijajua kalori zake. Mchicha, bamia, mlenda, nyanya chungu na maboga vina maji mengi na nyuzinyuzi, vinajaza kwa kalori chache. Maharage nayo yana protini na nyuzinyuzi pamoja, na kama kuna chakula kimoja ambacho ningekipa nishani katika suala hili, ni maharage. Tatizo letu ni kwamba tunayapika vizuri kisha tunayazamisha kwenye mafuta.

Ukimaliza kupakua, sufuria irudi jikoni. Ikikaa mkekani mkono utaifuata wenyewe, hasa kukiwa na mazungumzo. Na nyie kina mama wenzangu, mabaki ya sahani za watoto si mboga ya mama. Najua kutupa chakula ni vibaya. Basi wapakulie kidogo, wakitaka wataongeza.

Sinia ni shauri jingine. Tukila wengi kwa pamoja hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Mwenye kula haraka humkimbiza mwenye kula taratibu, na wote humaliza kwa sababu sinia halipendezi likibaki na vichaka. Sisemi tuache kula pamoja, maana yapo mengi tunayoyapata pale zaidi ya wali. Kula upande wako, kama adabu inavyotaka, na usivuke. Tonge liwe dogo, tafuna, zungumza. Ukiwa wa kwanza kunawa, nawa bila kuomba radhi.

Kikombe

Chai ndiyo inayowaangusha wengi wasiokula sana. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe: vijiko tisa vidogo, gramu 36. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori zote za siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chai peke yake imeshavuka, na bado hatujataja andazi lililoizamia. Usikate sukari yote kwa siku moja, utaichukia chai na kunichukia mimi. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Ulimi hujifunza; baada ya miezi mitatu chai ya zamani itakuwa kama sharubati. Tangawizi, mchaichai, hiliki na mdalasini vitakusaidia kuvuka.

Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi kidogo. Juisi ya embe iliyotiwa sukari haiko nyuma, ingawa tunampa mgonjwa. Kula embe lenyewe, utamaliza moja. Kwenye glasi yangeingia mawili na nyuzinyuzi zingebaki kwenye chujio. Dafu halina neno, na maji ya kisima au ya bomba yaliyochemshwa hayajapata mpinzani. Tamutamu zisizo na kalori zinazowekwa kwenye soda za kujinyima si njia ya mkato: mwaka 2023 Shirika hilo hilo lilishauri zisitumike kama mbinu ya kudhibiti uzito. Na wanywaji wa bia wajue kwamba chupa ya nusu lita ni kalori 200 hivi kabla mishkaki haijafika mezani, na mishkaki hufika.

Nje ya nyumba

Kwa mama ntilie unaweza kula vizuri kuliko kwenye mgahawa wenye viyoyozi, ukijua kuomba. Mimi husema, "Mama, nipunguzie wali, niongezee maharage na mchicha." Siku ya kwanza alinitazama. "Bei ni ile ile, mwanangu." Nikamwambia sawa. Siku hizi ananiona kwa mbali na kuinua kijiko cha mboga. Kachumbari omba nyingi, ni bure mara nyingi. Mchuzi omba utolewe chini, kwa sababu mafuta yote huelea juu.

Chipsi mayai, zege kama vijana wanavyoiita, nayo haina haja ya kuwa mwiko. Lakini viazi vya kuchemsha vina kalori kama 85 kwa gramu 100, na vikishapita kwenye karai hufika karibu 300. Sahani moja ya zege la mayai mawili hupita kalori 700 bila kutoka jasho. Ile iwe chakula cha Jumamosi moja moja, si chakula cha jioni kwa sababu tu banda liko njiani. Kama banda liko njiani, badili njia. Nasema kwa dhati, nimewahi kuzunguka mtaa mzima kwa ajili hiyo. Mahindi ya kuchoma, muhogo wa kuchoma, yai la kuchemsha la muuzaji mwenye ndoo, ndizi mbivu mbili, vyote vinapatikana mtaa huo huo.

Pilau ya harusi ile kwa raha. Siku ya harusi haikunenepeshi. Jumanne ndiyo inayokunenepesha, na Jumatano, na Alhamisi. Kukataa chakula cha watu kwetu ni kumtukana mwenye nyumba, kwa hiyo usikatae: onja, sifu, na pakua kidogo ili ukilazimishwa kuongeza uwe na pa kuongezea.

Ramadhani huwashangaza wengi kwa kumaliza mwezi wakiwa wameongezeka. Mchana hawana kosa. Kosa liko kwenye meza ya magharibi, ambapo tambi za sukari, kaimati, sambusa, maandazi, viazi vya nazi na juisi hukutana kwa mara moja, kisha daku likaja juu yake. Sunna yenyewe imetupa utaratibu mzuri: tende na maji, kisha sala. Ongeza bakuli la supu au uji usio na sukari nyingi, nenda kasali, ukirudi tumbo limeshapata habari. Viazi, mihogo au ndizi za nazi zichague moja kwa siku, badala ya zote kila siku.

Wapo watakaosema, nile nitakavyo, mafuta nitayatoa kwa mazoezi. Jibu la hao liko hapa hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe huwinda, huchimba mizizi, hurina asali, na hutembea kilomita nyingi kila siku. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati ambayo miili yao inatumia kwa siku nzima. Wakishazingatia ukubwa wa mwili, hawakuona tofauti na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Mwili unaohangaika sana hujua kubana kwingine. Mhadzabe hana kitambi, na kinachomlinda kiko zaidi kwenye anachokula kuliko kwenye kilomita zake. Saa nzima ya kutembea humgharimu mtu wa kilo 70 kalori 250 hivi, ambazo chapati moja nono huzirudisha kwa dakika tano.

Hata hivyo tembea. Tembea kwa ajili ya moyo, presha, magoti na akili, na kwa sababu nyingine ya pekee: mazoezi husaidia zaidi kuzuia kilo zilizoondoka zisirudi kuliko kuziondoa. Marekani wana orodha iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopunguza kilo zisizopungua 13 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Njia zao za kupungua zilitofautiana, lakini tabia zao za baadaye zinafanana: tisa kati ya kumi hufanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja kwa siku, wengi hupima uzito angalau mara moja kwa wiki, na wengi hula kifungua kinywa. Hawakumaliza kazi na kwenda nyumbani. Kazi ndiyo nyumbani kwao.

Usingizi nao umo. Mwaka 2022 watafiti wa Chicago waliwasaidia watu wenye uzito uliozidi waliokuwa wakilala chini ya saa sita na nusu waongeze kama saa moja na dakika kumi kila usiku. Bila kuambiwa wapunguze chakula, walikula kalori 270 pungufu kwa siku. Zima simu.

Maneno ya watu

Utakapoanza kupungua watu watasema. "Mbona umekonda, unaumwa?" "Mume anakutesa?" Kwetu unene ulikuwa ushahidi wa kutunzwa vizuri; kumwambia mtu amenawiri ni kumsifu yeye na mwenye kumlisha. Kisha ikaja miaka ya ukimwi, na kukonda kukawa tangazo la msiba. Hofu ile haijatutoka. Mama yangu mdogo aliniombea dua kwa kilo tano. Nilimpa kamba nikamwomba ajipime. Hakujipima, lakini tangu siku hiyo hakuniuliza tena.

Huku nyuma hali imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Siku hizi ukikaa benchi la kliniki ya kisukari hukuti wazee peke yao.

Na wapo watakaokuuzia. Chai nyingi za "kusafisha tumbo" hufanya kazi kwa jani la senna, ambalo ni dawa ya kumfanya mtu aharishe. Zinaondoa maji na kukuacha na mafuta yako. Vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa bila maandishi ya kueleweka ni hatari zaidi, kwani katika nchi mbalimbali vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Hata sindano mpya za semaglutide, ambazo ni dawa halali na zina kazi kwa wanaoandikiwa na daktari, hazikuondoi jikoni: katika jaribio moja watu walioziacha walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja.

Usiyaanze yote haya leo. Wiki hii andika tarehe kwenye chupa ya mafuta na utafute kijiko. Wiki ijayo geuza mpangilio wa kupakua. Sukari ya chai ifuate mwezi ujao. Ile kamba iweke kwenye droo ya nguo, na uizungushe tena tarehe ile ile ya kila mwezi, asubuhi, kabla ya kunywa chochote.